Pa Kutokea

Kwenye kompyuta ya Karisa iko juu, kulia:
vijiti viwili vimepandana,
kama alama ya kosa aliyonitia mwalimu wa hesabu.
Kwangu mimi iko kushoto, nukta nyekundu,
tone la mate ya tambuu ukutani.
Na kwenye simu ya Bi Batuli, karani wa ghala Shimanzi,
haiko kabisa. Kuna kishale tu, chembamba,
kinachoelekea ulikotoka.

Miezi mitatu tunajenga fomu moja ya kutolea kontena,
ghorofa ya pili, Ganjoni, feni ikilalamika,
na ugomvi wetu haukuwa wa mizigo wala ushuru.
Ulikuwa: mtu akitaka kutoka, atokee wapi?

Karisa akasema, kulia, watu wamezoea.
Nikasema, watu gani?
Kwa nyanya yangu Kibokoni wanaume walitokea barazani,
wanawake walipitia uani, wakavuka nyua tatu za jirani
wakafika waendako bila kukanyaga njia kuu.
Nyumba ile ile. Hakupotea mtu.
"Basi kila mashine na mlango wa kwao," akasema.
Hilo likaisha. Tukaagiza viazi karai.

Likabaki la pili, zito.
Mtu akibonya ile alama
hakusema ndiyo, hakusema la,
amefunga tu. Amesema nini?
Shekuwe, aliyekaa chuoni kabla ya kukaa na programu, akasema:
mwali akiulizwa akanyamaza, kimya chake ni ridhaa. Hifadhi.
Karisa akagonga meza: "Mwali hakuinuka akaondoka!
Mteja akitoka dukani kimya, hujamuuzia kitu."
Tukanyamaza sote watatu,
na sijui hadi leo tuliridhia nini.

Lugha nayo haikutusaidia.
Funga mlango. Funga mzigo.
Funga, na sufuria ya uji yangoja magharibi.
Funga, askari azungushe ufunguo.
Funga, na uwanja mzima wa Tononoka unaruka.
Yote hayo kwenye kitufe cha upana wa ukucha.

Alhamisi moja Bi Batuli akapiga simu.
Alikosea namba ya kontena, akataka kuacha.
Kikamtokea kidirisha nilichokiandika mwenyewe,
saa saba za usiku, macho yamenivimba:
*Una hakika unataka kughairi?*
Chini yake vitufe viwili.
*Ghairi.* *Sawa.*

"Hebu niambie, mwanangu. Nikibonya Ghairi,
naghairi, au naghairi kughairi?
Na hii Sawa, ni sawa na nani?"
Alikuwa amekaa nacho tangu adhuhuri.
Hakugusa. Miaka thelathini na moja ya kupiga mihuri
imemfunza asitie mkono asipopajua.
Alasiri akachomoa waya ukutani,
akavaa buibui lake, akenda zake.
Kontena likalala bandarini siku ya pili,
na kulala kwake kuna bei.

Kuingia tuna neno moja: hodi.
Kutoka tuna mengi.
Haya basi, natoka, ndiyo nakwenda, wasalimie, nimekwenda,
na mtu bado kasimama, kiatu kimoja mguuni,
asimulia harusi ya Likoni toka mwanzo.
Hakuna amuulizaye una hakika.

Usiku ule nilifuta.
Nikaandika: *Rudi kwenye fomu.* *Toka bila kuhifadhi.*
Shekuwe akasema maneno marefu, yatavunjika kwenye skrini ndogo.
Yakavunjika. Kwa Bi Batuli yasomeka

*Toka bila
kuhifadhi*

na mimi nimeyaacha hivyo.
Hakusifu. Jumatatu alituma picha ya simu yake,
iliyopigwa kwa simu ya mjukuu, kidole gumba kimeziba nusu,
na chini ameandika:
na kishale hiki, mwanangu, chanirudisha wapi?